Kibodi Yako Si Tamu, Ni Kelele

Wacha niseme hii kitu mara moja, halafu mnitukane kwa komenti kama kawaida yenu. Ile sauti ya kibodi mnayoita tamu, ile mnarekodi maiki ikiwa karibu kulamba vitufe, ni kelele. Utamu wake unauonja wewe peke yako kwa sababu wewe ndiye unachapa. Mtu aliye upande wa pili wa ukuta hajawahi kusikia "thok" yoyote. Anasikia mtu anagongagonga kitu saa nane usiku na hataki kuacha.

Mimi ndiye nilikuwa nagongagonga, kwa hivyo msiniambie sijui ninachosema.

Niko Muthetheni, naishi kwa susu. Chuo nilitoka mwaka wa pili, karo ilinishinda, hiyo ni posti ya siku nyingine. Kazi yangu siku hizi, ukitoa hizi posti, ni kuchapa maneno. Watu wananitumia rekodi za mikutano na mahojiano, mimi nawarudishia maandishi. Nalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa saa nilizokaa. Na ni kazi ya usiku, kwa sababu bando za usiku ndizo mfuko wangu unaziweza, na kwa sababu mchana huwezi kumsikiza mtu wa Texas akimeza maneno huku jogoo amesimama kwa dirisha.

Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma na mabati. Kama umelelewa huku Ukambani unaijua bila mimi kuichora. Ukuta wa katikati unapanda ukipita mlango kidogo, halafu unaishia hapo. Hakuna dari. Juu ya ukuta ni hewa tupu mpaka kwa mabati. Kwa macho, chumba changu na cha susu ni vyumba viwili. Kwa masikio ni kimoja.

Sasa, laptopu yangu ya mtumba ilipoteza herufi A na E. Jaribu kuandika Kiswahili bila A. Nikanunua bodi ya kibodi kutoka kwa msee fulani Nairobi, bila kasha, ikiwa na swichi za bluu. Kasha nikaunda mwenyewe na vipande vya plaiwudi vilivyobaki fundi alipomaliza kabati la jirani. Vipande vitano, misumari midogo, gundi ya mbao, vanishi juu. Nilijiona sana. Nikaposti video, mkanipa laiki, mkasema sauti iko sawa. Mimi pia nikaamini.

Oktoba, saa nane usiku, niko katikati ya rekodi ndefu, nikasikia mlango wa nje. Nikajua ni mwizi. Nikatoka na tochi ya simu, nikamkuta susu uani. Alikuwa ameshaweka ndoo mbili na karai chini ya mfereji wa mabati, na alikuwa anasukuma pipa kwa mgongo wake, akitazama juu. Nyota zote zilikuwa mahali pake. Akaniuliza, "Kwani imeacha?"

Alidhani ni mvua. Alisikia matone ya kwanza juu ya mabati, yale huanguka moja moja kabla ya kuanza kunyesha, akaamka kukinga maji.

Wewe uliye na bomba ndani ya nyumba labda unacheka, na sikukatazi, susu mwenyewe alicheka. Nilipomwambia ni mimi nachapa, alisema basi nipande mahindi na hiyo mashine. Akarudi kulala. Lakini huku mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tunazitegemea zaidi kwa shamba, na maji ya mabati ndiyo yanatupunguzia safari ya mtoni. Mtu wa umri wake kutoka kitandani usiku kwa sababu ya swichi zangu za bluu, hiyo ilinikaa vibaya. Asubuhi alizikusanya zile ndoo moja moja, kavu.

Hapo ndipo nilianza kutafuta namna ya kupunguza kelele, na hapo ndipo hasira yangu ilianzia.

Nilitazama video nyingi kuliko nilivyowahi kusoma chuoni. Kila moja ina kichwa cha "fanya kibodi yako ikimye". Ndani yake, msee anaweka tabaka tatu za masking tepu nyuma ya bodi, anarekodi kabla, anarekodi baada, anatabasamu. Na enyewe sauti imebadilika. Ilikuwa kali, sasa imekuwa nzito. Lakini nzito si ndogo! Besi ya matatu ni nzito, uliza aliyelala kando ya stendi. Tepu ilibadilisha tu aina ya kelele, halafu ukaambiwa hiyo ni kimya. Sponji wanazouza za kukata kwa saizi, hadithi ni hiyo hiyo. Zinameza ule mwangwi wa hewa ndani ya kasha, kibodi inaacha kulia kama debe, na sikia, hilo ni jambo zuri. Lakini kitufe bado kinagonga chini kwa nguvu ile ile.

Halafu maiki. Hao watu wanaweka maiki kiganja kimoja kutoka kwa kibodi. Nani analala kiganja kimoja kutoka kwa kibodi yako? Wakati nilianza kupima vizuri, niliiacha simu ikirekodi juu ya mto wa susu (yeye akiwa kanisani, msianze), nikaenda chumbani kwangu nikachapa ukurasa mzima. Ukisikiza hiyo rekodi ndio unajua kibodi yako ni nini. Zile sauti ndogo tamu zote zimekufa njiani. Kinachofika kwa mto ni mambo mawili: klik ya swichi, na mdundo wa meza.

Meza! Hakuna video moja iliyoniambia kuhusu meza. Meza yangu ilikuwa imegusa ukuta wa katikati. Kila nikigonga kitufe, mtetemo unaingia kwa kasha, kasha linaupa meza, meza inaupa ukuta, na kichwa cha kitanda cha susu kiko upande wa pili wa ukuta huo huo. Nilivuta meza nje upana wa mkono, nikakunja taulo mara nne nikaweka kibodi juu yake. Nikarekodi tena kwa mto. Mdundo uliisha karibu wote. Gharama: taulo nilikuwa nalo. Na sasa mnajua kwa nini hakuna anayewaambia. Taulo halina linki ya kununua, halina kodi ya punguzo, na hakuna kampuni itakutumia taulo bure ulifungue mbele ya kamera.

Kabla ya kulifikia taulo nilifanya ujinga wangu pia. Nilifikiri dawa ni uzito, nikamwaga mchanga wa mtoni ndani ya kasha. Huku mchanga ndio tunao, malori yanaubeba kila siku. Wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu, kitu kizito kinakataa kutetemeka. Lakini nilijaza mkono kwa mkono, bila mfuko, na siku ya tatu vumbi lilikuwa limeingia kwa swichi. Herufi N ikawa inaandika mbili mbili. Niliwasilisha kazi yenye "nnyumba" na "nnchi", nikanyimwa malipo ya rekodi nzima. Kwa hivyo ukitaka uzito, usitumie kitu chenye vumbi, kitu chenye unyevu, wala ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula, maana hiyo itagusanisha nyaya za bodi uichome yote.

Sasa hiyo klik. Hapa kuna watu wataudhika. Swichi ya bluu haiwezi kunyamazishwa na kasha lolote. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ndiyo ilituzoesha hizi rangi, bluu ya kulia, kahawia ya kugutusha kidole, nyekundu ya kuteleza, na wengine wote wakaiga. Ndani ya bluu kuna kipande cha plastiki kilichotengwa makusudi ili kiruke na kugonga. Kelele ni kazi yake, imewekwa kiwandani. Kuweka sponji chini ya swichi ya bluu ni kama kuvalisha jogoo sweta. Halafu kuna mzee wa mtandao atakuja kuniambia kuhusu IBM Model M ya 1985, jinsi ilivyokuwa inalia ofisi nzima na watu wakachapa vizuri. Sawa, mzee wangu. Ofisi. Mchana. Hakuna aliyekuwa amelala pale.

Kwa hivyo kuna kitu kimoja kwa hii safari nilinunua, na sitawadanganya kwamba kila kitu nilikiokota. Bodi yangu ni ile ya kuchomoa na kuchomeka swichi bila lehemu, basi nikatoa bluu zote nikaweka za kimya. Hizo zina vipande vidogo vya mpira kwenye kile kijiti cha katikati, vinapokea kitufe kikishuka na vinakipokea tena kikirudi. Watu husahau kurudi. Kitufe kinashuka milimita 4 hivi, kinagonga chini, halafu springi inakirusha juu kinagonga tena. Kila herufi ni magongo mawili. Swichi hizo zilikula malipo yangu ya wiki mbili, na kama bodi yako imechomwa lehemu, itabidi utafute fundi wa redio mwenye mkono mzuri. Lakini hapo ndipo pesa yako iende kama unayo, kabla ya sponji na kabla ya vitufe vya rangi ya peremende.

Kasha la plaiwudi nalo lilikuwa na kesi yake. Nililipeleka Wamunyu. Kwa wasiojua, Wamunyu si mbali na sisi, iko kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, na ndipo uchongaji wa Wakamba una mizizi. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa huko, alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza kuchonga, na ufundi ukaenea kutoka kwake hadi kukawa na chama cha ushirika. Wale twiga na vifaru mnaowaona kwa maduka ya watalii, wengi asili yao ni mikono ya huku. Nilienda nikitafuta mbao tu. Mzee mmoja aliligonga kasha langu kwa kucha, mara mbili, akaniuliza, "Kijana, mbona umetengeneza ngoma?"

Nilianza kujitetea halafu nikanyamaza, kwa sababu ni kweli. Sakafu ya milimita 6, juu yake hewa tupu ya sentimita 3, juu ya hewa bamba la chuma limekazwa na skrubu pande zote. Toa bamba weka ngozi, unaenda kuchezea kilumi. Nikafikiri ataniambia dawa ni kuchonga kwa gogo moja, lakini ngoma pia huchongwa kwa gogo moja, na yeye ndiye alinikumbusha. Alichosema ni kwamba mwenye kuchonga ngoma anaondoa mbao nyingi ili hewa ikae, basi mimi niondoe kidogo. Maliza sakafu ikiwa nene. Achia hewa pale tu bodi na waya vinapopita.

Tukatumia mwembe, kipande kilichokauka kivulini muda mrefu, maana mbao mbichi ingepasuka ndani ya nyumba yangu ya mabati wiki ya kwanza. Sakafu ni milimita 25. Nafasi chini ya bodi ni milimita 8, na hiyo nimeijaza na patipati za zamani nilizokata kwa wembe. Fundi wa viatu sokoni pia anazo shiti za ile raba nyepesi ukitaka kitu safi zaidi.

Na bamba silikazi na skrubu tena. Hili ndilo jambo ningetaka mlishike kama hamtashika lingine kuhusu kasha. Bamba limelala juu ya vipande vya tyubu ya baiskeli, na juu yake vipande vingine vya tyubu, halafu fremu ya mbao inalibana polepole. Chuma hakigusi mbao popote. Kila fundi wa nduthi hapa anajua gasketi ni nini na kwa nini chuma na chuma havikutanishwi hivi hivi, lakini dunia ya kibodi inaiuza kama uvumbuzi na bei ya uvumbuzi. Miguu ya chini ni akala. Tairi haliishi.

Ukiniuliza kilichosaidia zaidi kwa mto wa susu, nitasema swichi, halafu taulo na kuvuta meza, halafu zile tyubu, halafu unene wa mbao. Sponji ya ndani iko mkia. Tepu sijui kama iko kwenye orodha.

Sasa tujibu wale wa komenti. Kuna mmoja aliandika, "Nunua kibodi ya mpira ya mia sita uache drama." Ndugu yangu, kwa watu wengi uko sahihi kabisa, na nashangaa umelisema kama tusi. Zile za mpira ni kimya, na kama unachapa insha moja kwa mwezi, nunua hiyo uende zako. Mimi nachapa usiku mzima, vidole vyangu ndio shamba langu, na ya mpira niliyokuwa nayo ilikuwa inameza herufi nikienda mbio. Ningekuwa na sababu nyingine ningekuambia. Hata kupenda kuijenga ni sababu, sioni haya.

Mwingine, anaishi ghorofani Nairobi na ana wafuasi wengi kuniliko, alisema kibodi ya mbao ni "ya ushago" na nisiwafunze watu ushamba. Huyo simjibu kuhusu mbao. Namuuliza tu nani anaishi chini yake. Kwa sababu hii maneno si ya ushago pekee. Wewe uko bedsita Umoja, ukuta ni wa mawe, lakini meza yako imegusa ukuta ambao kitanda cha jirani kimeegemea. Wewe uko hosteli, chumba kimoja watu wanne, mmoja ana mtihani asubuhi, na wewe unacheza gemu na bluu zako ukisema ni ASMR. Wewe unalala sebuleni kwa anti yako aliyekupokea ukitafuta kazi. Wengi wetu hatuna studio. Tuna kona ya chumba cha mtu mwingine, na huyo mtu amenyamaza kwa sababu anakupenda au kwa sababu amechoka kukuambia. Usichukue kunyamaza kwake kama laiki.

Na nyinyi mnaotengeneza hizi video, nawaomba kitu kimoja tu. Mkisema "kimya", rekodini kutoka kwa mto wa mtu mwingine. Mlango mmoja mbali, ukuta mmoja mbali, usiku, friji ikiwa imezimwa. Wekeni hiyo rekodi pamoja na ile nyingine. Kama bado ni tamu, nitanunua kwa linki yenu na nitaomba radhi hapa hapa.

Yangu bado haijamaliza. Spesibari ina waya mrefu chini yake wa kuisawazisha, na huo waya unacheza ndani ya plastiki unatoa mlio wa kijiko kwa kikombe. Niliupaka grisi ya silikoni ya mafundi wa mabomba, kidogo sana, kwa ncha ya kijiti, na ukapungua. Usipake mafuta ya kupikia wala yale ya kujipaka, vumbi la huku litageuza hiyo kitu kuwa ugali. Nadhani waya wangu umepinda, nitaulaza juu ya kioo nione unapoinuka.

Susu anasema bado anasikia kitu kidogo usiku, lakini siku hizi hatoki nje. Anadhani ni panya. Juzi amemwambia jirani atuletee paka.